Kupe wa Darasa la Sita

Kila asubuhi, kabla jua halijafika kwenye vichochoro vya Kibokoni, Mombasa, Duha alikuwa ashaoga, ashasukwa nywele na mamake, ashakula mahamri yake kwa mbaazi, na ashapata mtu wa kumdharau. Wengine huamka na njaa. Yeye aliamka na dharau. Alimdharau muuza maji kwa mkokoteni wake unaolia, akamdharau jirani kwa pazia lake la viraka, na akifika shule alikuwa amejipasha moto vya kutosha kwa mtu wake mkubwa, naye ni Dama.

Dama na Duha waliketi deski moja, darasa la sita. Miaka miwili nyuma Dama alirudi kutoka likizo kwa nyanyake huko Kaloleni, na siku ya kwanza ya shule kupe akaonekana akitambaa kwenye kola ya shati lake. Mdudu mmoja tu, mdogo kama punje ya mtama. Duha ndiye aliyemwona, na Duha ndiye aliyesema kwa sauti iliyofika hadi mlangoni, "Jamani, Dama kaja na ng'ombe wake."

Tangu siku hiyo Dama hakuitwa Dama tena. Aliitwa Kupe. Kupe, nipe raba. Kupe, futa ubao. Hata watoto wa darasa la kwanza, ambao hawakujua kama kupe ni mdudu au ni jina la ukoo, walimwita hivyo. Duha alisikia pia kwamba mamake Dama anafanya kazi kwenye zahanati, akaamua mwenyewe, bila ya kwenda kuangalia, kwamba kazi hiyo lazima ni kupiga deki.

Sasa, mwaka huo wa tisini na tisa, wiki mbili kabla ya Idd ya kuchinja, babake Duha alinunua mbuzi sokoni Mwembe Tayari, kwa wafanyabiashara walioteremsha mifugo yao kutoka bara. Alikuwa dume mchanga, mweupe, ana doa jeusi jichoni. Hapo dharau za Duha zilipata likizo. Alimfunga mbuzi utepe mwekundu, akampaka hina kwenye kipaji, na kila jioni akamzungusha mtaani akiwa amembeba mabegani, miguu huku na huku, kama mtu aliyejitanda shali. Wenzake nao walitoa mbuzi wao, na Duha akawaangalia mmoja mmoja kwa kubetua mdomo. Wa kwake, alisema, si kama hao wanaolelewa kwa makaratasi ya jaa la Kibarani.

Siku ya nne, akijikuna kisogoni, kidole chake kiligusa kitu kigumu pale nywele zinapoanzia. Alichukua vioo viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma, akajipindapinda mpaka akakiona. Kilikuwa cha kijivu, kimevimba, na kina miguu.

Kupe.

Duha alikaa kitandani kama aliyemwagiwa maji. Kumwambia mamake haikuwezekana. Mama huyo, Bi Afaf, akishtuka husikika nyumba nne, na habari ikisikika nyumba nne Kibokoni, kesho iko shule. Lile jina alilolitunga mwenyewe lingehama kwenye deski kutoka upande wa kushoto kuja wa kulia. Basi akaenda kwa kakake, Zein.

Zein alikuwa amemaliza fomu foo mwaka uliopita, na tangu hapo kazi yake ilikuwa kukaa barazani na kujua kila kitu. Alijua kwa nini timu fulani imefungwa, alijua jinsi ya kutengeneza redio ambazo baadaye hazikuongea tena, na kupe pia alimjua. Kwanza alimmiminia mafuta ya taa. Kupe hakushughulika. Halafu akawasha kibiriti, akakizima, akamgusa nacho kikiwa bado cha moto; nywele za Duha ziliungua, kupe akabaki. Mwisho alimfinya kwa kucha mbili akamvuta kwa kumpindua, mwili ukatoka na mdomo ukabaki ndani ya ngozi.

"Kwisha," alisema Zein, akijipangusa mikono. "Daktari angekufanyia nini zaidi ya hapo?"

Duha akamwapisha asimwambie mtu, na kuanzia kesho yake akajisuka nywele mwenyewe.

Siku sita zikapita. Ya saba alirudi shule akitetemeka katika lile joto la kaskazi ambalo hata paka hutafuta sakafu. Kichwa kilimgonga, viungo vilimuuma, na shingoni yalimtoka matezi kama kokwa za tende. Bi Afaf aliona macho yake tu akajua ana homa, akavaa buibui haraka na kumpeleka zahanati.

Aliyewapokea alikuwa muuguzi, Sista Mirriam, mwenye gauni jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama. Duha alipomtazama usoni alitamani sakafu immeze. Ni uso wa Dama, ila umeongezwa miaka. Yule mama alisoma kadi, akasema taratibu, "Duha, wa Kibokoni. Wasoma na mwanangu."

Alimtia kipimajoto kwapani, na wakati wa kusubiri akamuuliza maswali kama anavyowauliza wote. Kuna kikohozi? Unaharisha? Umeumwa na mdudu yeyote karibuni, papasi, kupe?

Bi Afaf ndiye aliyejibu kwanza. Alivuta buibui lake na kusema kwamba nyumbani kwao mna usafi, wadudu hao hawawajui. Sista Mirriam hakumwangalia yeye. Alimwangalia Duha.

"Namuuliza mgonjwa."

Duha aliuona mdomo wa mamake ukisubiri. Akafikiria deski lao. Akasema, "La."

Damu ilipimwa, malaria haikuonekana, lakini Mombasa nani ana homa asiambiwe malaria? Daktari alisema huenda imejificha. Akampa vidonge vya malaria, na akawaambia warudi baada ya siku mbili homa isiposhuka.

Haikushuka. Idd iliingia na Duha yuko kitandani. Alimsikia mbuzi wake akipelekwa uani, na maini ya kukaanga yalipoletwa, harufu tu ilimtapisha. Mamake alizidi kumpa vile vidonge, akisema dawa inataka muda. Vipele vyekundu vilikuwa vimeanza kumtoka mikononi.

Siku iliyofuata Dama alibisha hodi. Mwalimu alikuwa amemtuma amletee mwenziwe karatasi za marudio, maana mtihani wa muhula ulikuwa wiki ijayo. Bi Afaf alimkaribisha chumbani, akaenda jikoni kumtafutia sharubati.

Duha alilala kifudifudi na kitambaa cha maji baridi shingoni. Dama alikiinua kitambaa ili akichovye tena, akasimama nacho mkononi.

"Hicho kidonda tangu lini?"

"Chunusi hiyo."

"Chunusi yenye gamba jeusi katikati?" Dama aliinama akatazama vizuri, wala hakuwa na haraka. "Nakijua mimi. Binamu yangu Chirau alikuwa nacho mguuni. Alilala wiki nzima anapewa dawa za malaria, mpaka aliposema kweli."

Duha aligeuka, machozi yamemjaa. Akamwomba asimwambie mtu, hasa mamake, hasa darasa.

Dama alisonya. "Sisemi mimi. Mimi nimeitwa hivyo miaka miwili na sijafa. Wewe hujaitwa hata mara moja, na tazama ulivyo. Waogopa jina kuliko maradhi?" Akaweka karatasi juu ya meza. "Utasema mwenyewe. Au ukae nacho."

Akaondoka bila ya kungoja sharubati.

Duha alilala akiangalia dari. Jioni alipotaka kusimama kwenda msalani, miguu ilikataa, akaanguka na kukaa sakafuni. Mamake alipokuja mbio, Duha hakusubiri kuulizwa. Alisema yote: mabega, mbuzi, vioo viwili, Zein na kibiriti chake. Bi Afaf alifungua mdomo akaufunga. Kwa mara ya kwanza hakuna jirani aliyesikia kitu.

Walirudi zahanati usiku huohuo, Zein amembeba dadake mgongoni. Sista Mirriam alikuwa zamu. Duha alimwambia mwenyewe, "Sista, niliumwa na kupe. Nilikudanganya."

Sista alifunua nywele, akaona gamba jeusi, akaona na ngozi iliyoungua kando yake. Akageuka kwa Zein.

"Na wewe, udaktari ulisomea baraza gani?"



Daktari alibadilisha dawa pale pale, na muuguzi akasafisha kidonda. Alipokuwa akifunga bandeji ndipo aliposema nao, mama, kaka na mtoto pamoja, na sauti yake haikuwa ya kubembeleza.

"Kupe hung'olewa kwa kikoleo, kama kile cha kunyofolea nyusi. Unamkamata karibu kabisa na ngozi, unamvuta moja kwa moja, polepole, halafu unaosha kwa sabuni. Mafuta ya taa ni ya taa, na kibiriti ni cha jiko. Mdomo ukikatikia ndani na ukashindwa kuutoa, njoo. Na baada ya hapo hesabu siku. Katika wiki mbili tatu ukiona homa, kichwa, matezi, vipele au gamba jeusi, usingoje hata siku moja. Njoo hapa, na neno la kwanza kusema ni kupe. Mimi siwezi kuona kilicho chini ya nywele zako na chini ya ulimi wako." Akafunga fundo la bandeji. "Mdudu huyu hampandi mtu kwa alikotoka wala kwa uchafu wake. Alimpanda mwanangu, akakupanda wewe na utepe wako mwekundu. Kuumwa si aibu. Aibu ni ile siku nilipokuuliza, ukaona bora ufe msafi kuliko upone na jina."

Bi Afaf alisema kwa sauti ndogo kwamba kosa lilianza kwake.

Siku ya tatu homa ilikatika. Siku ya saba Duha aliingia darasani, mwembamba, kisogo kimenyolewa pembeni mwa bandeji. Kabla hajaketi, mvulana mmoja wa nyuma aliita, kama kila siku, "We Kupe, leta chaki."

Dama alianza kuinuka. Duha alimtangulia. Alikwenda ubaoni, akachukua chaki, akampelekea yule mvulana mpaka mezani kwake, akageuka na kumwonyesha kisogo.

"Hii hapa," alisema. "Kupe ni mimi. Yeye ana jina lake, anaitwa Dama."

Akarudi kwenye deski na kusimama hapo, hajui kama ataruhusiwa. Dama hakumwangalia. Alivuta vitabu vyake upande mmoja, akaacha nafasi.

"Keti," alisema. "Na usinibane."