Nafasi ya Doto Garini

“Gari halibebi wafu, mama. Nafasi ya mtu aliyekufa mimi siweki.”

Ndivyo Luhaga alivyomjibu mama yake mzazi, Kija, mbele ya mkewe na watoto, huku anaendelea kufunga turubai juu ya lile Land Rover lake kama vile anajibu mbuzi. Na Kija alikuwa hajaomba makubwa. Alisema tu, kwa sauti ya chini ya mtu anayekaa kwa mwanaye, kwamba kama Kulwa anapangiwa pa kukaa, basi na Doto apangiwe. Hata kikapu kitupu kingetosha. Kiwekwe pembeni ya Kulwa, kiitwe cha Doto, safari iende.

Kulwa na Doto walikuwa mapacha, wasichana. Doto alichukuliwa na surua kabla hajaanza shule. Kwenye ukoo wao pacha akifa haliliwi. Walimzika kimya, mahali penye unyevu karibu na ziwa, na tangu hapo likabaki jambo moja la kushika: anachopewa Kulwa, na Doto apewe. Gauni likinunuliwa, yananunuliwa mawili, la pili anapewa mtoto wa jirani, anaambiwa hili la Doto, mvalie. Uji ukimiminwa, kidogo kinamwagwa chini. Si kazi ya kumvunja mtu mgongo. Kija aliisimamia miaka yote hiyo na Kulwa akakua mzima, mcheshi, hana hata kikohozi.

Lakini zama zilikuwa za ruksa, kila mwenye mtaji anafanya biashara. Luhaga alikuwa anawapelekea sangara wenye viwanda vya minofu, na mambo yakamnyookea. Akajenga Buswelu, akaokoka, akanunua Land Rover kuukuu kwa Ramniklal, Mhindi muuza vitambaa wa mjini. Sasa akataka likizo ya mwezi wa sita awapeleke watoto wakaone wanyama kama watoto wa wakubwa. Watoke Mwanza, wapite Magu, waingie Serengeti kwa geti la Ndabaka, walale humo humo mbugani, wapande Ngorongoro, watokee Arusha kwa kaka yake Suzana. Suzana ndiye mkewe. Kila jioni nyumba nzima ilikuwa hiyo hiyo: nani akae dirishani, maandazi mangapi yakaangwe, tukikuta simba kalala njiani tupige honi au tunyamaze.

Suzana akaenda mitumbani akarudi na sweta la Kulwa la baridi ya Ngorongoro. Jekundu, zito, zuri kweli. Moja.

Kija akamuuliza la mwenzake liko wapi. Suzana akasema mama, sisi tumeokoka, na kule Arusha hataki kuanza kuwaeleza ndugu zake habari za nguo za marehemu. Tena siku hizo alikuwa hataki hata kuitwa Mama Kulwa. Alikuwa Mama Shija, kwa jina la yule mdogo wao.

Asubuhi sweta lilikuwa limelowa.

Lilikuwa ndani ya begi, begi liko juu ya kabati, mvua haijaonekana tangu mwezi uliopita. Limelowa upande mmoja tu, kuanzia begani mpaka mkononi, kama limemkumbatia mtu aliyetoka majini. Na lilinuka matope ya ziwani, yale ya kwenye matete ambako maji hayatembei. Suzana akamgombeza Kulwa, akalifua, akalianika. Kesho yake likalowa tena, upande ule ule.

Jumapili, wametoka kanisani, Luhaga akawapandisha wote garini hapo hapo uani aone watakaaje. Suzana mbele, watoto nyuma. Shija akajitandaza. Kulwa akajibana mwisho kabisa, bega kwenye mlango, kati yake na Shija pamebaki wazi.

Luhaga akamwambia asogee, mbona anajibana kama kuku wa mnadani.

“Nimeshasogea, baba,” Kulwa akasema. “Anauliza yeye akae wapi.”

Hakuna aliyemuuliza nani. Kija alikuwa amesimama mlangoni na ungo wa mchele, akaona, na Suzana akageuka naye akaona: pale palipo wazi kiti kilikuwa kimebonyea, kidogo tu, kiasi cha makalio ya mtoto, na kwenye kile kibonyeo maji yalikuwa yanapanda, meusi, polepole, kama kisima kinapochimbwa. Suzana akageuza uso. Akasema radieta inavuja.

“Radieta iko mbele, mama Shija,” Kija akamwambia. Basi. Akarudi kwenye mchele wake.

Tangu siku ile Kulwa akawa anakula nusu. Nusu ya chapati, nusu ya samaki, nusu nyingine anaisukuma pembeni, na ukiitazama baada ya muda imelainika kama imetafunwa ikatemwa. Mchana jua likiwaka, watu wamejipumzisha, gari limefungwa, funguo ziko mfukoni kwa Luhaga, kitu kinagonga kioo kwa ndani. Si kwa nguvu. Kinagonga kama mtoto aliyefundishwa adabu, anabisha hodi, ananyamaza, anabisha tena. Na kwenye kioo, kwa ndani, viganja. Suzana akavifuta kwa kanga. Akafuta wee, vikabaki, maana yeye alikuwa upande wa nje.

Luhaga akasema gari likikaa mno linapata unyevu, ngoja alichangamshe. Akawabeba wote mpaka Kija, jioni jua halijazama, wakashika barabara ya Magu. Njia nzima anaimba, anawaonyesha watoto, hapa ndipo tutapita, kule mbele ndiyo Serengeti, mtaona nyumbu mpaka mchoke. Walipokaribia daraja la Simiyu ile harufu ikaingia, kwanza kidogo, ukadhani ni mto, halafu ikazidi mpaka Shija akaanza kutapika, na Kija akaona Kulwa anajisogeza, anajisogeza, anaachia nafasi, anasema kwa kunong’ona basi njoo, njoo ukae, halafu anasogea tena na pale pa kusogea hamna, bega limekandamizwa mlangoni, shavu limelala kwenye kioo kama anasukumwa na watu wa gulioni, na mlango, ambao Luhaga mwenyewe alikuwa ameufunga na kuuvuta kuhakikisha, ukafunguka taratibu kama unafunguliwa na mwenye nyumba, upepo ukaingia, na mtoto akaanza kwenda nao, miguu bado iko ndani, kichwa kiko juu ya lami, na Kija hajui ni wapi alipata nguvu ya kumdaka kwa gauni na kumshikilia mpaka gari liliposimama katikati ya daraja.

Kulwa hata hakulia. Alimshika bibi yake mkono akamwambia, “Usimchukie, bibi. Alikuwa ananisogeza tu tutoshe wote.”

Hapo mtu mwenye akili angegeuza gari, angekwenda sokoni kununua sweta la pili, yakaisha. Luhaga alikwenda kwa Ramniklal. Akamkuta dukani anakata kitenge, akamwambia wewe mzee umeniuzia gari lenye jini. Ramniklal hakuacha kukata. Alimwambia gari lile limebeba marobota ya vitambaa miaka mingi, na mkewe Bhanumati, na mama mkwe wake mpaka siku alipofariki, na katika hao wote hakuna aliyemsumbua ila mama mkwe.

“Kama kuna jini, Luhaga,” akasema, “amepandia kwako. Uliza nyumbani.”

Hakuuliza. Akatafutiwa mganga wa majini, mtu wa Tanga aliyefikia nyumba ya wageni mjini. Akaingizwa mchana, kwa mlango wa uani, majirani wako sokoni, wenzake wa kanisani wasimwone. Kija alimwambia mwanaye wazi: kumwekea mtoto kikapu ni ushenzi, kumpitisha mganga mlango wa nyuma ndiyo wokovu? Luhaga akaenda kumfungulia mganga.

Yule mganga hakuwa tapeli. Hilo Kija alilisema hata baadaye. Alipoingia tu alisimama, akavuta hewa, akasema humu yumo, tena hana hasira, ana haki yake anayoidai. Akamuuliza Luhaga kama kuna marehemu yeyote wa nyumba hii ambaye wamemwacha nyuma. Wakati huo huo Suzana anamwita Shija atoke uani. Mtu wa huku akisikia Shija, hapo hapo anajua pana mapacha wametangulia, kwa maana Shija ni jina la anayewafuata. Yule mganga alisikia jina akaliacha lipite. Ndipo Kija alipojua kwamba mgeni huyu ni kipofu katika nyumba yao, na mwenye macho hataki kumwongoza.

“Hakuna marehemu,” Luhaga akasema.

“Wapo mapacha,” Kija akasema. “Baba, huyu mmoja, na mwenzake yuko...”

“Mama amezeeka,” Luhaga akamwambia mganga, taratibu, kwa upole wa kutia aibu. “Siku hizi anachanganya watu.”

Mganga akamtazama mama, akamtazama mwana. Aliyemwita ni mwana. Akatandika mkeka sebuleni, akamkalisha Kulwa, akawasha ubani mpaka kuta hazionekani, akaanza kusoma, na kadiri anavyosoma ile harufu ya matope inapanda kushindana na ubani, na sakafu ya saruji, ambayo Luhaga alijivunia kuliko kitu chochote katika nyumba ile, ikaanza kutoa jasho, kisha vidimbwi, kisha nyayo ndogo za maji zikazunguka mkeka, zikazunguka, zikasimama mbele ya Luhaga zikielekeza vidole kwake, kama mtoto anapomsubiri baba yake amnyanyue, na Luhaga akarudi nyuma mpaka ukutani, anamwambia mganga amtoe, amtoe, amtoe haraka. Mganga akasema mimi siwezi kumtoa katika nyumba isiyo yangu. Sema wewe mwenye nyumba, kwa kinywa chako, nifuatishe.

Na Luhaga akafuatisha. “Toka, wewe na mwenzako. Nyumba hii si yenu. Kizingiti hiki msikivuke tena.”

Hayo ni maneno ya kufukuzia majini, wanasema jini hatembei peke yake. Ndiyo maana yanasemwa hivyo.

Nyayo zikageuka, zikaelekea mlangoni. Harufu ikakatika kama mtu amefunika chungu. Suzana akaanza kumshukuru Mungu. Halafu Kulwa akainuka pale mkekani, hajasukumwa wala hajaitwa, akatembea juu ya zile nyayo, unyayo kwa unyayo, akatoka nje akasimama uani na uso wake ukiangalia barabara. Kama mgeni aliyeagwa.

Walimwita aingie. Akasema hawezi, wamefukuzwa. Luhaga akambeba. Alipofika kizingitini mtoto akapoa mikononi mwake, midomo ikawa ya kijivu, kifua kikasimama, na puani yakatoka maji ya ziwa na kijani chake. Akamrudisha uani, akapumua. Suzana akajaribu. Wakajaribu kwa dirisha. Wakajaribu amelala. Kila mara ni yale yale, na kila mara pumzi inachelewa zaidi kurudi, mpaka Kija akamnyang’anya akamkalisha chini ya mchongoma akasema mtamuua. Mganga alikwisha kukunja mkeka. Alipopita kwa Kija alisema polepole, bila kumtazama, “Kinywa kilichofukuza ndicho kinachoita, mama. Majina yote mawili. Mlangoni.”

Kija akampelekea mwanaye neno hilo. Akapiga magoti, mama kwa mwana, kitu ambacho hakifanywi.

“Nikiita mfu mlangoni kwangu, mama, nitasimamaje mbele ya watu kanisani?” Luhaga akasema. “Mtoto ana homa tu. Mpeleke kwako Misungwi akapumzike. Shemeji ameshaandaa kule Arusha.”

Wakaenda. Ndiyo, walikwenda, na Shija wao. Wanasema walimwona simba. Wanasema Ngorongoro kulikuwa na ukungu mzuri.

Kija akakaa Misungwi na Kulwa kwenye nyumba yake ya udongo. Alimpangia sahani mbili, kitanda kimoja cha kulala wawili, na kweli mtoto alinenepa kidogo, akacheka. Bibi akafikiri amewahi. Lakini haki aliyodai Doto haikuwa ya bibi, ilikuwa ya baba. Siku zikaenda, Kulwa akaanza kusema “sisi” hata akiwa peke yake. Akaanza kuacha unyevu alipokaa. Akawa anasahau vitu vya shule, herufi alizozijua, na anakumbuka vitu ambavyo Kulwa hakuwahi kuviona: matete yanavyoonekana ukiwa chini yake, jua linavyokuwa la kijani.

Hellen, jirani yao wa Buswelu, alipokuja Misungwi kwenye mazishi ya shangazi yake, alipita kumsalimia Kija. Shikamoo, marahaba, akapewa kigoda. Watoto walikuwa wanasikika nyuma ya nyumba wanacheza rede, wanabishana, sauti mbili. Hellen akauliza bibi amepata mjukuu mwingine?

Kija alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

“Hellen, mwanangu, ukifika umwambie Luhaga. Mpelekee maneno kama nilivyoyasema, usiyapunguze kwa kumwonea aibu. Mwambie mpaka leo nikiita, wananiitikia wote wawili. Aje awaite yeye. Mwambie Kulwa anaitika kwa mbali sasa, na kila siku ndiye anayechelewa.”