Nani Anamliza Perpetua?

Letisia wa kijiji cha Tumati aliamka mapema kama kawaida yake. Alikamua ng'ombe, akapika uji, akamlisha binti yake Perpetua. Mumewe, Theodory, alikuwa ameshatangulia shambani kung'oa vitunguu saumu. Kisha Letisia alifanya jambo lililowashangaza majirani. Alifunga mlango kwa komeo, akakaa ndani na mtoto wake kutwa nzima.

Alikuwa na sababu zake. Perpetua alikuwa na miaka sita na hakuwa anaongea. Ukimwita hageuki. Lakini akiona mtu anamenya kitunguu saumu, atakuja, atachukua maganda, atayasugua taratibu kwa vidole hata saa nzima. Hayo Letisia alishayazoea. Kilichomvunja moyo ni vilio. Karibu kila siku mtoto aliziba masikio, akapiga kelele na kujigonga kichwa ukutani. Vilio hivyo vilianza mwaka jana, walipohamia nyumba mpya ya bati. Na nyumba ya bati, kama unavyojua, haikosi wenye wivu.

Basi Letisia akaanza kuchunguza. Kila mtoto alipolia, alijiuliza ni nani aliyekuwepo. Mara nyingi jibu lilikuwa mtu mmoja, Evaline, dada yake Theodory. Evaline alikuwa mjane. Aliishi jirani, kwenye kipande cha shamba alichopewa na kaka yake. Kila alasiri alipita kumsaidia Letisia kuteka maji, na kila alasiri Perpetua alilia.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Letisia alijiambia. Hakumwambia wifi yake neno. Alifunga mlango tu. Evaline alikuja akabisha siku mbili, hakufunguliwa. Siku ya tatu hakuja.

Wakati huohuo Theodory alisikia habari za mganga mmoja, mbali kule Hanang. Mganga alituma ujumbe kwamba waje Jumamosi na wazee wa ukoo. Mama wa mtoto atataja mbele yao jina la mtu anayemshuku. Letisia alilijua jina hilo. Alijua pia kitakachofuata. Akishatajwa, Evaline atanyang'anywa shamba na kufukuzwa, na hakuna ndugu atakayethubutu kumpokea.

Jumatano alasiri mlango ukabishwa. Letisia akachungulia dirishani, akamwona mama Oliva, mhudumu wa afya wa kijiji. Hakufurahi. Mama huyo alitembea na daftari na kuandika majina ya watoto wa watu. Anayapeleka wapi? Lakini Oliva alikuwa mtu mzima, na mtu mzima haachwi nje.

Letisia akafungua, akamwamkia shikamoo. Oliva hajaketi vizuri, Perpetua akaziba masikio na kuanza kupiga kelele.

Letisia akamtazama mgeni kwa jicho kali. Kumbe na huyu yumo!

Oliva hakumgusa mtoto. Alisubiri mpaka kilio kikapungua. Ndipo akauliza kama mtoto hulia hivyo kila siku. Letisia akajibu kwa hasira kwamba hulia watu wanapokuja. Leo amekuja Oliva, na amelia.

"Na tangu ulipofunga mlango, ameacha kulia?" Oliva aliuliza.

Letisia akaangalia komeo. Swali hilo alikuwa analikimbia wiki nzima. Mlango ulikuwa umefungwa siku saba, na siku zote saba mtoto amelia. Ndani walikuwa wawili tu.

"Basi ni mimi," alisema kwa sauti ndogo. "Kama si wao, ni mimi niliyemharibu mwanangu."

Machozi yakamtoka. Maneno hayo yalikuwa yamemkaa kifuani muda mrefu.

Oliva akasogeza kigoda chake karibu. "Si wewe, mwanangu. Wala si mtu mwingine. Hebu niambie, kabla hamjahamia nyumba hii, alikuwa anageuka ukimwita? Alikuwa anakuonyesha vitu kwa kidole?"

Letisia akafikiri. Hapana. Hata walipokuwa kwenye nyumba ya zamani ya nyasi, pale uani, Perpetua hakufanya hayo. Ila hakuwa analia hivi, kwa hiyo watu walisema tu kwamba ni mtoto mpole.

Oliva akaeleza taratibu. Alisema wapo watoto wanaozaliwa hivyo, na hali yao huitwa usonji. Haitokani na laana, na haiambukizi. Mama hakukosea kitu. Ubongo wa mtoto hupokea mambo kwa namna yake. Sauti ambayo wewe huijali, yeye yaweza kumuumiza kweli. Dawa ya kuondoa usonji hakuna, lakini mtoto akieleweka anatulia, na anajifunza.

"Wewe ni mchunguzi mzuri," alimalizia. "Ila umechunguza watu. Sasa chunguza vitu. Kabla hajalia kulikuwa na sauti gani? Harufu gani? Nguo inamkwaruza? Ana njaa? Kesho nitakuja asubuhi, tuangalie pamoja."

Alhamisi asubuhi Oliva akaja. Perpetua hakulia. Letisia alishangaa, lakini shuku haitoki kwa siku moja. Akawaza labda mama huyu amekuja na dawa mfukoni.

Wakaketi, wakamenya vitunguu, wakasubiri. Saa tisa alasiri upepo ukaanza kushuka kutoka mlimani, kama ilivyo kila siku wakati wa kiangazi. Juu ya nyumba, kwenye kona, bati moja lilikuwa limeachia msumari. Likaanza kugonga, pa, pa, pa. Letisia alikuwa ameshalizoea, hata halisikii tena. Lakini leo aliangalia vitu. Akamwona Perpetua akikunja uso, akiinua mikono, akiziba masikio. Kilio kilikuja baadaye.

Letisia akambeba, akakimbia naye kwenye ile nyumba ya nyasi, ambayo sasa ilikuwa jiko. Mle ndani upepo haukusikika sana. Kilio kikapungua, kikaisha.

Hapo Letisia akakaa chini. Upepo huja alasiri. Wageni nao huja alasiri, kwa sababu ndipo watu hurudi kutoka shambani. Evaline alikuwa akija wakati mmoja na upepo, basi.

"Mama Oliva," alisema, "ningemfukuza mtu kwa sababu ya upepo."

Theodory hakuamini alipoambiwa. Kesho yake alasiri alikaa jikoni na mwanawe, akaona mwenyewe alivyotulia. Kisha akapanda juu akapigilia misumari. Oliva akawaelekeza wampeleke mtoto hospitali apimwe masikio na wapewe ushauri. Akawakataza kumpiga anapolia. Akasema kabla ya kutoka naye, wamwonyeshe kwanza shuka analojifunika wakisafiri, ajue wanakwenda.

"Na wewe unahitaji kupumzika," alimwambia Letisia. "Mtoto huyu anataka watu wanaomjua. Umewafungia nje wote."

Jumamosi hawakwenda kwa mganga. Letisia alikwenda kwa Evaline, akamkuta uani anapepeta maharage.

"Wifi, nilikushuku," alisema. "Leo ndiyo siku niliyotaka kulitaja jina lako mbele ya wazee. Nimekosa. Nisamehe."

Evaline hakuacha kupepeta. "Nilijua," alisema. "Vitu vyangu nimeshavifunga. Angalia hapo mlangoni."

Letisia akaangalia. Kulikuwa na mafurushi mawili na sufuria. Aibu ikamshika.

"Mtoto nitakuja kumwangalia," Evaline alisema baadaye. "Wewe nipe muda, Mama Perpetua."

Na kweli alikuja Jumatatu. Letisia alimweleza yote aliyofundishwa. Evaline akaketi chini, mbali kidogo na mtoto, hakumshika. Muda ukapita. Perpetua akasogea mwenyewe, akamwegemea mgongoni. Siku hiyo Letisia alilala mchana kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi.

Vitunguu vikaisha kuvunwa. Perpetua bado haongei, lakini akitaka kitu anakushika mkono na kukupeleka. Vilio vimepungua, na kikija kimoja wanajua pa kumpeleka. Evaline aliendelea kuja kila alasiri. Alifanya kazi, akamwangalia mtoto, akaondoka bila kula. Letisia aliyapokea hayo bila kulalamika, kwa sababu aliyataka mwenyewe.

Jioni moja Letisia alirudi kutoka kisimani. Evaline alikuwa amekaa jikoni, na ugali uko tayari mezani.

"Wifi," Evaline alimwita, "mtoto amelala. Nawa mikono, tule."