Moto Begani, Ugonjwa Ukwatoni

Kila asubuhi punda wa Tluway alishuka mtoni, pale Endabash, akarudi na madebe ya maji. Marsela, mke wa Tluway na mama wa Martini, alikuwa na mimba ya miezi minane. Punda huyo ndiye aliyekuwa mgongo wake.

Masika ilipokolea, punda akaanza kuchechemea mguu wa mbele.

"Mvivu huyu!" akasema Tluway. Fimbo ikafuata.

Punda akazidi kuchechemea. Basi Tluway akatia chuma motoni, akamchoma begani, kama alivyowaona wazee wakifanya. Punda akamtandika teke la paja.

"Mmeona?" akawaambia majirani, akijisugua. "Asante ya punda ni mateke!"

Watu wakacheka sana.

Kesho yake punda hakuinuka. Marsela akajitwika ndoo mwenyewe, akateleza matopeni. Alirudi analia, ameshika tumbo. Mtoto alikuwa bado anacheza tumboni, lakini Tluway aliogopa. Akakimbia kumwita bwana mifugo, Elirehema.

Elirehema hakuangalia bega. Aliinua mguu, akakwangua samadi kwa kijiti. Lo, harufu! Chini ya ukwato palikuwa peusi, pameoza.

"Ndugu Tluway, punda analala wapi?"

"Zizini, na ng'ombe."

Wote wakatazama zizi. Samadi na mkojo vilifika vifundoni.

"Amesimama humo masika yote. Ukwato ukilowa hivyo, unaoza. Uliwahi kuinua mguu huu?"

"Hapana."

"Na bega?"

"Nilimchoma mimi," Tluway akajibu kwa sauti ndogo. "Nilidhani ugonjwa uko huko. Akanipiga teke. Si unajua, asante ya punda..."

"Asante ya nini, Baba Martini?" Marsela akamkatiza. "Wewe ulimpa nini?"

Tluway alitamani ardhi ipasuke immeze.

Elirehema akaondoa palipooza, akaosha kwa maji ya chumvi, akapaka dawa.

"Kila siku safisha kwato zote kwa kijiti butu. Huu mbovu uoshe kwa maji ya chumvi, uukaushe. Alale pakavu. Asibebe mzigo mpaka apone."

Mwezi mzima Tluway alichota maji mwenyewe. Wanaume wenzake walimcheka njia nzima. Aliona anastahili.

Punda akapona. Marsela akajifungua msichana, salama salimini, na punda ndiye aliyeleta maji ya kumwogesha.

Lakini kovu la begani halikuota manyoya tena. Mnadani watu huuliza, "Nani alimchoma hivi?"

"Mimi," hujibu Tluway, macho chini. "Na ugonjwa ulikuwa huku."

Kisha huinama kuwaonyesha. Punda humpa mguu, wala hampigi teke.