Kompyuta ya Marehemu Évode

Ilianza na harufu. Kila Dancille alipofungua laptopu, sebule ya wifi yake Natacha, kule Rissne, kitongoji cha Stockholm, ilinuka udongo mbichi. Natacha alikagua vyungu vya maua dirishani. Vilikuwa vikavu.

"Wifi, hiyo mashine umeibeba pamoja na shamba?"

Dancille alicheka kidogo tu. Laptopu ilikuwa ya mumewe Évode, kaka yake Natacha, aliyezikwa Bujumbura mwezi wa pili mwaka huo wa 2010. Mama mkwe, Perpétue, alikuwa amemkataza: vitu vya marehemu havitumiwi kabla ya kuondoa matanga, na matanga yalipangwa mwezi wa nane. Lakini kozi ya wakunga ilitaka kila mtu aje Stockholm na laptopu yake, naye hakuwa na nyingine. Tena, jambo ambalo hakumwambia mtu, herufi zilikuwa zimefutika pale vidole vya Évode vilipozoea kugonga, naye alipenda kuweka vyake hapohapo. Nani angemlaumu?

Kila saa moja jioni alimpigia kwa video Kelly, binti yake wa miaka saba, aliyebaki kwa bibi yake Perpétue. Saa za miji hiyo miwili zililingana majira yale, ila huku jua lilikuwa bado juu ya maghorofa na kule giza limeshaingia.

Juma la pili Kelly alisema, "Mama, mwambie Baba asogee. Anakuziba."

Dancille aligeuka. Kochi lilikuwa tupu, jua limelimwagikia lote, na mto wake mmoja ulikuwa umebonyea kama umekaliwa.

"Baba... anasema nini?" alinong'ona.

"Anataka nimfungulie geti."

Jumamosi mchana Natacha alimwita Yosefu, Mganda wa Jakobsberg, kitongoji kingine, dereva wa basi aliyejua kisomo cha kufukuza pepo. Hata watu wa kanisani walimwita kimyakimya. Yosefu alichomoa waya, akatoa betri, kisha akaweka kiganja juu ya kifuniko.

"Huyu si mumeo, dada. Ni jini. Limekuta msiba haujafungwa, likaingia. Nitasoma, na wewe ulifukuze kwa kinywa chako. Lakini jina la marehemu usilitaje. Ukilitaja, umelikaribisha."

Akaanza kusoma kwa sauti ya chini, na udongo ukanuka mpaka Natacha akaziba pua kwa kanga, na laptopu isiyo na waya wala betri ikawaka yenyewe chini ya kiganja cha Yosefu, kioo chake cheusi kikionyesha kitu kama kichwa cha mtu aliyeinama, na kutoka humo kikasikika kikohozi kikavu, mara mbili, kikohozi kilekile Dancille alichokuwa akikisikiliza kando ya kitanda cha Évode miezi yote ile ya mwisho.

"Mama Kelly," sauti ilisema, "huku kuna baridi."

"Toka," alisema Dancille. "Toka kwangu. Toka kwa mtoto wangu."

"Nimechoka kusimama nje."

Machozi yakamtoka. "Toka... Pole, Évode."

Kioo kikazimika. Harufu ikakatika palepale. Natacha alimkumbatia wifi yake akilia kwa furaha, lakini Yosefu alibaki amesimama.

"Mwishoni umesemaje, dada?"

Dancille alinyakua simu ya Natacha, akapiga Bujumbura.

"Mama, Kelly yuko wapi?"

"Alikuwa hapa kwenye kompyuta, anaongea nawe." Perpétue alisogelea kioo. "Mwanangu, kama wewe uko kwenye simu, huyu ninayemwona hapa ni nani?"

"Mama, mshike Kelly! Geti lisifunguliwe!"

"Mbona amekwenda na ufunguo! Anasema wewe ndiye uliyemtuma."

Perpétue akaanza kukimbia, akiita jina la mjukuu wake, simu ikiwa bado mkononi. Dancille aliisikia pumzi yake, akasikia ndala zikipiga saruji ya uani, akasikia chuma cha geti kikikwaruza chini.

Halafu, karibu kabisa na simu, kikohozi kikavu. Mara mbili.