Nguzo Mbili za Njia ya Balambala

Kebo ililegea kabla haijafungwa popote. Ilikuwa bado mchoro tu kwenye kompyuta ya Gacheri, mhandisi kutoka Meru, aliyekuwa akionyesha mahali kebo mpya ya intaneti itakapopita juu ya nguzo za umeme, kutoka Garissa mjini hadi Balambala. Kila alipoiunganisha kwenye nguzo mbili zilizo karibu na kisima kilichokauka, programu iliionyesha imebonyea katikati hadi karibu na ardhi, kana kwamba mtu ameikalia. Aliifuta, akaichora upya. Ikabonyea tena. Ndipo aliposikia harufu ya ubani, na ofisini hakuna aliyefukiza kitu.

Alimwita Mursal, mpimaji aliyezipima nguzo hizo. Mursal akatazama kioo, akashusha sauti.

"Hapo mimi nilipima haraka nikaondoka. Watu wa mbuzi hawapiti hapo jua ikiwa kichwani. Wallahi, dada, zungusha hiyo kebo upande ingine ya barabara."

Kuzungusha kulihitaji nguzo mpya, na meneja aliutaka mchoro kabla ya jioni. Gacheri alijiambia kuwa programu ina hitilafu. Akaingiza vipimo kwa mkono, akailazimisha kebo kunyooka, akautuma mchoro.

Aliyepanda kuifunga alikuwa Lazarus, fundi kutoka Kitui aliyependa kuimba akiwa juu. Gacheri na Mursal walikuwa chini wakimtazama. Adhuhuri ile hapakuwa na upepo, lakini kebo ilianza kutikisika, kisha ikabonyea katikati, palepale, na wimbo wa Lazarus ukakatika, na harufu ya ubani ikawashukia nzito hadi ikawakaba koo, huku Lazarus akiteremka kichwa kikitangulia kama mjusi, bila kamba, macho yake hayabanduki usoni mwa Gacheri, na alipofika chini akafungua kinywa, ikatoka sauti ya mwanamke, ikisema Kisomali, lugha ambayo Lazarus hakujua hata salamu yake.

Walimkimbiza Balambala kwa Sheikh Mohamedamin, aliyejulikana kwa kuwasomea waliopatwa na majini. Sheikh alimsomea Kurani mpaka shati lake likalowa jasho. Ile sauti ilipojibu, aliwafasiria kwa kunong'ona.

"Anasema mmepitisha waya juu ya watoto wake. Anauliza nani amechora."

Gacheri angeweza kunyamaza. Mursal alimshika mkono wa nguo kumzuia, lakini Lazarus alikuwa akitokwa povu, pumzi zikikatika.

"Ni mimi," alisema. "Nitaiondoa."

Lazarus akalia kwa sauti yake mwenyewe, akaomba maji.

Kebo iliteremshwa kabla jua halijatua. Gacheri alichora njia mpya upande wa pili wa barabara, akamweleza meneja yote akitarajia kuchekwa. Meneja hakucheka. Alifunga mlango, akaidhinisha. Lazarus akapewa likizo, akaenda kwao.

Baada ya muda Gacheri alipiga simu Kitui kumjulia hali. Mama yake Lazarus ndiye aliyepokea. Alimshukuru sana, akasema kijana anakula, analala, hata kuimba ameanza tena. Kisha Gacheri akasikia mlango ukifungwa taratibu, na sauti ya mama ikawa ndogo.

"Mwanangu, nisaidie. Huyu mwanamke aliyekuja naye, mbona tangu afike hajala wala hajaketi? Anasimama tu, ananiuliza kwenu wewe ni wapi."