Mtoto Aliyejua Kusalimia

Jirani wa ghorofa ya chini alikuwa akimenya njegere mlangoni pake Yumna aliposimama mbele yake, akamtazama usoni na kusema, "Habari za mchana, shangazi. Mguu wako umepoa?"

Yule mama aliachia bakuli. Yumna hakuwahi kumsalimia mtu tangu azaliwe. Alikuwa mtoto wa kupita akiambaa ukuta, vidole vikicheza mbele ya macho, akivuma kama nyuki ndani ya chupa, na ukimgusa alipiga kelele mpaka mtaa mzima ukatoka nje.

"Raudha! Umemfanya nini mtoto?"

"Ni lile kundi, dada," Raudha, mama yake Yumna, alisema, machozi yakimlenga. "Lile la Jumamosi. Wanawafundisha kuishi na watu."

Alifurahi mno hata hakujali kwamba mtoto hakupepesa macho, wala kwamba nywele zake, siku ile ya jua kali, zilinuka shaba iliyolowa.

Kundi lenyewe lilikutana kwenye nyumba kuukuu ndani ya kuta za mji wa kale wa Sfax, Tunisia. Mwalimu Hayat alikusanya pale watoto wachache ambao shule zilikuwa zimewachoka. Walicheza duka, wakajifunza kungoja zamu, kuomba, na kukataa bila kupigana. "Simgeuzi mtu hapa," aliwaambia wazazi. "Nawapa njia ya kufikiana tu."

Raudha aliitikia kwa kichwa, lakini moyoni alitaka wake ageuzwe. Kwenye harusi moja ya ukoo, vigelegele vilipoanza, Yumna alimuuma bibi yake mkono, na yule bibi, mama mkwe wa Raudha, alisema mbele ya wanawake wote, "Huyu haumwi chochote. Hana mama tu." Tangu siku ile Raudha aliingia kwa wakwe zake kichwa chini.

Sasa kichwa kiliinuka. Yumna alipokea wageni, akawabusu wakubwa mikono, akala samaki ambaye zamani hata harufu yake ilimliza. Baba yake, Lutfi, alitembea naye sokoni kila jioni ili watu wamwone.

Kisha ikaja saa ya kujipumzisha mchana, joto limebana, madirisha ya mji mzima yamefungwa. Raudha alisikia sauti ya mama mkwe wake ikitoka bafuni, na mama mkwe wake hakuwemo nyumbani. Aliinuka pekupeku, akasogea, na kadiri alivyosogea sauti ikabadilika, ikawa ya jirani wa chini, ikawa ya muuza mkate, ikawa yake mwenyewe Raudha, zote zikirudia maneno yaleyale, karibuni, hamjambo, Mungu awaweke, karibuni, hamjambo, huku ile harufu ya shaba ikizidi kuwa nzito mpaka akaionja ulimini, na aliposukuma mlango alimwona mtoto amesimama kizani, ameugusisha uso wake ukutani.

Mtoto aligeuka taratibu.

"Mama," alinong'ona, "siku ya posa niseme kwa sauti ipi?"

"Yoyote," Raudha alijibu kwa pumzi iliyokatika. "Yoyote, mwanangu."

Akafunga mlango. Hakumwambia mumewe. Posa ya wifi yake Nayla ilikuwa Jumapili, na ukoo wote ungekuwepo.

Jumamosi alimpeleka kundini kama kawaida. Watoto walivuta viti vyao mbali naye. Skandar, ambaye kila siku alizungumzia treni tu, alinyamaza akaziba pua. Mwalimu Hayat alipewa mkono na yule mtoto, akaulizwa hali ya mama yake mgonjwa, na akaufuta mkono ule kwenye sketi bila kujua anafanya hivyo.

Wakati wa mapumziko watoto walitoka uani. Pale katikati palikuwa na kisima cha zamani cha kuhifadhia maji ya mvua, kimefunikwa kwa chuma. Walilala kifudifudi kukizunguka, wakaweka sikio juu ya mfuniko, mmoja baada ya mwingine, vizuri kabisa, kama walivyofundishwa.

"Yumna, hujambo?" Skandar alikiuliza kile chuma. "Zamu yangu imekwisha. Sasa Mayar."

Mayar alikuwa msichana asiyesema. Alivuma. Na kutoka chini, kwa mbali, mvumo ukamjibu.

Raudha alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wake. Mvumo ule aliujua. Alikuwa ameukemea kila siku ya maisha ya binti yake. Alishika fremu ya mlango. Kisha akaushika mkono wa yule aliyekuwa karibu naye, wa yule mwenye adabu, akaenda naye nyumbani kumnyooshea gauni.

Posa ilifana. Yumna alizunguka na sinia la vitumbua vya lozi, akajua jina la kila shangazi. Mama mkwe alimkumbatia Raudha mbele ya watu. "Umelea, binti yangu. Nilikukosea." Raudha alitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Kesho yake wakila chakula cha mchana, mtoto alipangusa midomo kwa kitambaa, akasema kwa upole, "Mama, yule wa kisimani ameanza kunyamaza."

Raudha alikimbia bila viatu hadi kwa Bibi Mbarka, mwanamke aliyesomea watu Kurani katika mtaa wa wahunzi. Alidhani angeulizwa mengi. Bibi Mbarka alimsikiliza huku akifunga shungi lake.

"Watu huniletea watoto wanaopunga mikono na kuvuma, wakidai wana majini," alisema. "Hao nawarudisha kwao, hawana kitu. Wewe ndiye wa kwanza kuniletea habari ya anayejua kusalimia. Pale kisimani ulisema nini?"

Raudha alitazama sakafu. "Alilia sana siku moja. Nikamburuta uani. Nikasema... nikasema laiti ningepewa mwingine, anayejua watu."

"Na ulijua lini kwamba umepewa?"

"Juzi."

"Juzi," Bibi Mbarka alirudia. Aligeuza uso pembeni, kama mtu aliyemfumania mwenzake uchi.

Jioni ile walikutana wote uani penye kisima, na Mwalimu Hayat aliwaita watoto. Lutfi, aliyekwisha kuambiwa yote, alisukuma mfuniko. Ubani ukawashwa. Yule mtoto alikaa kitini, miguu pamoja, akasema, "Bibi, keti usichoke. Watu wa kwako hawajambo?"

Bibi Mbarka alisoma bila kumjibu. Kisha akamgeukia Raudha. "Mwite wako. Kwa anavyoitika yeye."

Raudha aliita jina mara nyingi. Kimya. Akajaribu kuvuma, ikatoka sauti ya ovyo. Hakuujua wimbo wa mwanawe. Mbele ya mumewe na mwalimu alipiga magoti, akawaambia watoto, "Nifundisheni. Tafadhali."

Mayar akaanza. Skandar akafuata, wengine wakafuata, na Raudha akawafuata akikosea na kurudia, huku nyuma yao kile kilichokaa kitini kikianza kusalimu kwa sauti ya mama mkwe na ya jirani na ya Nayla na ya wote waliowahi kuingia nyumba ile, hamjambo karibuni hamjambo, kwa kasi, kwa kulia, kwa kusihi, ikawa ni mkondo mmoja wa sauti zilizonuka shaba, mpaka maji yakamwagika kutoka kitini kama ndoo imepinduliwa, na kitini hapakuwa na mtu.

Kisimani mtoto akapiga kelele.

Lutfi alishuka kwa ngazi, akamkuta kwenye ukingo wa jiwe, maji kiunoni, hai. Alipofikishwa juu Raudha alifungua mikono. Yumna alimpita. Alikwenda kusimama karibu na Mayar, vidole vikicheza, na Raudha akabaki amefungua mikono mbele ya watu, asijue aifiche wapi.

Harusi ya Nayla ilifanyika wakati wa kuvuna zeituni. Raudha na Yumna walikaa ngazi za nje, mbali na vigelegele, wakila mkate na mafuta. Mama mkwe alichungulia. "Ameharibika tena?"

"Huyu ndiye wangu, Mama."

Baadaye Saluwa, mke wa binamu, alitoka akakaa karibu naye. Alitazama huku na huku.

"Usinifiche," alinong'ona. "Nami nina mwanangu, unamjua alivyo. Yule uliyekuja naye siku ya posa, ulimtoa wapi?"

Raudha aliuweka mkate chini. "Saluwa, yule hakuwa mtoto."

"Najua. Nilimshika mkono, ulikuwa wa baridi kama samaki." Akamsogelea zaidi. "Niambie mtaa tu."

Raudha alitafuta hasira ya kumjibu nayo, akaikosa. Alikumbuka gauni alilomnyooshea yule, akijua.