Kimya cha Kabla ya Kiitikio

Mvua ya Oktoba ilikuwa imeunyeshea mji wa Tampere tangu alfajiri, lakini foleni ya tamasha iliyozunguka ukumbi wa michezo ya barafuni haikupungua mtu. Mbele kabisa, kwenye kigoda cha kukunja, alikaa Hilkka Rantala, dereva wa tramu, mwenye koti jekundu la mvua na buti za mpira. Chini ya koti alivaa fulana nyeusi ya Raine Hallikko, iliyofuliwa mara nyingi hata uso wa mwanamuziki huyo ukabaki macho na masharubu tu.

Mlango wa pembeni ukafunguka. Akatoka mwanamume mrefu mwenye ovaroli ya kijivu na mfuko wa spana begani, akajikuta amesimama mbele ya watu wote.

“Nyuma! Nyuma!” foleni ikapiga kelele.

“Samahani, mama,” alimwambia Hilkka. “Mimi fundi wa lifti tu. Natafuta njia ya kutokea.”

“Mama yako nani? Nimekuzidi miaka mingapi?”

Watu wakacheka. Mwanamume akawa mwekundu mpaka masikioni. “Samahani, dada.”

“Hapo sawa. Na hiyo beji kwenye kola ni ya lifti pia?”

Aliifunika kwa mkono, kama mtoto aliyekamatwa akiiba sukari. “Hii nimeipata kwenye tamasha la Lahti. Mara ile Raine alipopiga gitaa kidole kimevunjika.”

Foleni ikatulia. Kwa watu hawa, kutaja Lahti kulikuwa kama kutaja ukoo.

“Ulikuwepo?” Hilkka aliuliza, na sauti yake ilikuwa imelainika.

“Nilikuwepo. Ila mimi hukaa juu, kwenye viti. Naona haya kusukumana.”

“Hapa hakuna kusukumana. Lete mkono.”

Alitoa mfukoni kalamu ya wino mzito, akamwandikia namba nyuma ya kiganja. Ndiyo ilikuwa desturi yao: anayefika anaandikwa mkononi, na namba ile inamlinda hata akienda kunywa supu. Hakuna anayemwekea mwenzake nafasi, na hakuna anayeruka. Namba ya fundi ilikuwa ya mwisho kabisa, kwa hiyo alipaswa kwenda kusimama kwenye mvua nyuma ya jengo. Bibi Aune, muuguzi mstaafu aliyekaa pembeni ya Hilkka, alimpa mwavuli wake bila kuulizwa, kisha akajifunika mfuko wa plastiki kichwani.

“Jina?” Hilkka alimwita alipokuwa anaondoka.

“Oiva. Oiva Niskanen.”

“Kesho kutwa Raine yuko Turku, Oiva. Ukiwahi, utajua kwa nini tunaloa.”

Turku, Hilkka alipofika na kigoda chake, alimkuta Oiva ameshakaa mlangoni. Alikuwa amevaa koti safi la ngozi lililombana kidogo tumboni, na mkononi alishika chupa mbili za kahawa.

“Moja ya nani?”

“Ya mtu mwenye kalamu.”

Jioni ile walisimama pamoja kwenye uzio wa chuma ulio mbele ya jukwaa, viwiko vikigusana. Raine Hallikko, mzee wa miaka sabini na sita mwenye sauti kama mlango wa ghala, aliimba “Taa ya Jikoni”, wimbo wa mwanamume anayerudi nyumbani amechelewa miaka. Kabla ya kiitikio cha mwisho Raine huuliza, “Je, bado inawaka?” Kisha hunyamaza. Bendi hunyamaza. Ukumbi mzima hunyamaza, hata ukasikia mtu akimeza mate. Mashabiki walikiita Kimya. Siku nyingine kilikuwa kifupi, siku nyingine kirefu hata watu wakatokwa machozi, na aliyejua mwisho wake alikuwa Raine peke yake. Akishafungua kinywa, ndipo wote huingia: “Inawaka, bado inawaka!”

“Na mtu akiwahi?” Oiva aliuliza walipotoka.

“Hajawahi kuwahi mtu. Anayeingia kwenye Kimya si mwenzetu.” Hilkka alicheka, akajishika kwenye mkono wa Oiva. “Mimi, Oiva, sina mume, sina mtoto. Nina Raine. Siku nikishindwa kumsikia, nichimbieni kaburi tu. Nitakuwa nimebakiwa na nini?”

Oiva naye alicheka. Baadaye alikuja kuyakumbuka maneno yale neno kwa neno.

Mapenzi yao yalikua kwenye treni za kumfuata Raine, na kwenye simu za jioni.

“Haloo, fundi wangu. Umekula?”

“Supu ya mbaazi. Si leo Alhamisi, siku ya kila mtu kula mbaazi?”

“Umekula na nani?”

“Na redio.”

“Redio ina bahati. Haya, niimbie.”

“Hapana, dhahabu yangu. Majirani watahama.”

“Wahame, upate pa kuegesha gari!”

Akawa anamwimbia, akikosea sauti kila mstari, na Hilkka amelala chali kwenye sakafu ya jikoni, nyumbani kwake mtaa wa Hervanta, amejiwekea simu kifuani, anacheka hadi mbavu zinamuuma. Oiva alimtengenezea kitasa na bomba, akampakia soseji nyeusi ya damu, ile ya Tampere, kwenye mkoba wa kazini bila kusema. Hilkka naye alimfumia soksi zilizokuwa na mguu mmoja mrefu kuliko mwingine, na Oiva akazivaa hivyo hivyo.

Mwezi Januari, Oiva aliamka asubuhi moja sikio la kushoto likiwa limezibika. Alidhani ni mafua. Daktari hakudhani hivyo. Baada ya majuma machache la kulia nalo likaanza kufifia, na wakampa vifaa vidogo vya kusikia, vya rangi ya ngozi. Uso kwa uso, na mtu akisema polepole, vilimsaidia. Kwenye simu, sauti ya Hilkka ilikuja kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Muziki haukuja kabisa.

“Usikae nalo peke yako,” daktari alimwandikia kwenye karatasi. “Mwambie mtu.”

Mtu wa kumwambia alikuwa mmoja, naye alikwisha kusema kwamba siku ya kutosikia ni siku ya kaburi. Oiva hakulala. Akijitazama kwenye kioo aliona kaburi lenyewe, limevaa koti la ngozi. Mwanamke yule alimpenda kwenye uzio, na uzio ulikuwa umekwisha.

Ikawa simu inalia, anaitazama. Akawa anajibu kwa ujumbe: “Niko kazini.” “Nimechoka.” “Kesho.”

“Kwa nini hunipigii?” Hilkka aliandika. “Nataka sauti yako, si herufi.”

“Kesho, dhahabu yangu.”

Jumamosi moja Hilkka alishuka zamu katikati ya mji, akamwona Oiva kupitia dirisha la mkahawa, ameketi peke yake na bonge la mkate wa mdalasini asilolila, kofia ya sufu imefunika masikio. Moyo ukamruka. Akatoa simu ampigie, amfanyie mzaha kabla ya kuingia. Kupitia kioo aliiona simu ya Oiva ikiwaka mezani, jina lake juu yake. Oiva aliitazama mpaka mwisho. Kisha akaigeuza kifudifudi.

Hilkka alisimama barabarani, theluji ikamjaa mabegani. Aliandika: “Nimekuona. Ungesema tu. Usinitafute tena.”

Oiva aliusoma, akainua macho, lakini dirishani hapakuwa na mtu. Alisimama, akaketi, akasimama tena. Mhudumu msichana akamuuliza kitu ambacho hakukisikia, halafu, alipoona machozi, akamfungia ule mkate kwenye karatasi na kumpigapiga begani.

Majuma yale yalikuwa mabaya. Jioni Oiva alipanda tramu hadi Hervanta, akasimama ng'ambo ya barabara kulitazama dirisha la jikoni. Lilikuwa na giza. Hakujua kwamba Hilkka alikuwa humo humo, ameketi gizani na koti la kazini mwilini. Alikuwa ameizima taa makusudi, asije mtu yeyote akadhani kuna anayengojewa. Walikaa hivyo, mmoja chini na mmoja juu, wakililiana.

Ndipo Raine Hallikko akatangaza onyesho lake la mwisho. Tampere, mwezi Machi, saa tisa mchana, “kwa sababu,” alisema redioni, “mimi na nyinyi tunalala mapema siku hizi.”

Bibi Aune alimpigia Hilkka simu. “Mwanangu, kigoda chako kiko wapi? Foleni imeshaanza.”

“Siji, Bibi.”

“Huji kumzika Raine?”

“Yule fundi yupo huko?”

“Yupo. Ndiye wa kwanza. Haongei na mtu. Amekonda huyo, Hilkka.”

“Kama amekonda, amekonda kwa ajili yake mwenyewe.”

Lakini miaka thelathini ya kumfuata Raine haiachwi kirahisi. Hilkka alifika dakika ya mwisho, nywele hazikuchanwa, fulana ameivaa nje ndani. Kwa mara ya kwanza maishani aliingia bila namba mkononi. Alipenya pembeni, akasimama nyuma ya vichwa, hatua chache kutoka kwenye uzio, na mbele yake akaiona shingo aliyoijua. Oiva alikuwa ameushika uzio kwa viganja vyote viwili, ameinama kama mtu anayeota moto. Hakupiga makofi. Hakuimba. Macho yake hayakumwangalia Raine. Yalimwangalia mpiga ngoma.

“Hata Raine hamtaki tena,” Hilkka alijiambia, na hilo likamuuma kuliko simu iliyogeuzwa.

“Taa ya Jikoni” ukaja mwishoni, kama ilivyopaswa. Raine aliimba beti zake polepole, mkono umeshika stendi ya kipaza sauti ili asiyumbe. Akauliza, “Je, bado inawaka?”

Kimya.

Kilikuwa Kimya kirefu kuliko vyote alivyowahi kuwapa, kwa maana kilikuwa cha mwisho. Watu elfu kadhaa walizuia pumzi. Mpiga ngoma, jasho likimwingia machoni, aliinua mkono wenye fimbo, kama afanyavyo wimbo unapoanza tena, ili ajifute paji la uso.

Na katikati ya Kimya, sauti moja ya mwanamume, kubwa, iliyopotea njia, ikapasuka:

“Inawaka! Bado inawaka!”

Vichwa vikageuka. “Nani huyo?” “Mlevi!” “Mtoeni!” Kijana mmoja akamvuta Oiva koti. Oiva aligeuka, akaona hakuna kinywa kinachoimba na macho yote yako kwake, akajua alichofanya. Uso wake ulibadilika kama nyumba inayozimwa taa. Kofia ya sufu ilikuwa imeanguka, na nyuma ya sikio lake Hilkka alikiona kile kifaa kidogo cha rangi ya ngozi.

Yote yalimrudia kwa mara moja. Ujumbe wa “kesho, kesho”. Simu iliyowaka ikitazamwa mpaka mwisho. Viganja kwenye chuma, vikitafuta ngoma. Na maneno yake mwenyewe kule Turku, kuhusu kaburi.

Hilkka Rantala, ambaye kwa miaka thelathini hakuwahi kukohoa ndani ya Kimya, akafungua kinywa.

“Inawaka!” aliimba kwa nguvu zake zote, akisukuma watu kwa viwiko. “Bado inawaka!”

Bibi Aune akaingia wa pili, kwa sauti yake nyembamba. Halafu safu ya mbele nzima, wale wale wakali wa desturi, mmoja baada ya mwingine, wakakivunja Kimya ili mtu mmoja asibaki peke yake ndani yake. Jukwaani Raine Hallikko alitazama, masharubu yakamtetemeka. Hakuimba. Aliweka mkono kifuani, akawaachia wimbo.

Hilkka alipomfikia, Oiva alikuwa anajaribu kuondoka.

“NIMEHARIBU!” alisema kwa sauti ya mtu asiyeyasikia maneno yake mwenyewe. “NIMEKUHARIBIA YA MWISHO!”

Hilkka alimshika mashavu, akamgeuza amwone midomo. “Tangu lini?”

“Januari.”

“Na hukuniambia!”

“Ulisema kaburi. Nikaona, mimi wa nini tena kwako?”

Hilkka alitaka kujibu, midomo ikamtetemeka isisomeke. Akaingiza mkono mfukoni. Kalamu ilikuwepo, kama siku zote. Akachukua mkono wa Oiva, ule wenye namba moja, akaugeuza, na kwenye kiganja akaandika kwa herufi kubwa: NIOE.

Oiva alisoma. Akasoma tena.

“LINI?” alipaza sauti.

“Hata kesho,” Bibi Aune alijibu kwa niaba ya wote, “ila mtupishe kwanza, wengine tuna makoti ya kuchukua!”

Nje bado kulikuwa mchana, theluji inayeyuka na kuchuruzika kwenye mabomba ya paa. Walisimama kwenye kituo cha tramu. Oiva aliitazama midomo ya Hilkka kwa bidii kama mwanafunzi.

“Raine umemkosa,” alisema, safari hii kwa sauti ya chini. “Na mimi sitamsikia tena. Wala wewe sitakusikia, Hilkka. Daktari hakunificha.”

Hilkka hakumwambia kwamba si kitu. Kilikuwa kitu, na alilia kidogo. Kisha akafungua koti jekundu, akauchukua mkono wa Oiva wenye wino, akauweka kooni pake, palipo joto.

Akauimba ule wimbo taratibu, ubeti kwa ubeti, watu wakipita. Vidole vya Oiva vilitulia. Hilkka alipofika kwenye swali, aliuliza, kisha akanyamaza. Tramu ikaja, ikafungua milango, ikaifunga, ikaondoka. Hilkka hakuanza. Oiva alingoja, macho ameyafumba, mkono kooni.

Walipoingia kwenye kiitikio, waliingia pamoja.